Kifo Baada ya Mlo

Kifo kinachofuata chakula humpa mpelelezi wa polisi kazi ngumu kuliko kifo cha panga. Wampembe, mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, watu wakila ugali kwa migebuka na mmoja akafariki usiku, mara nyingi asubuhi sufuria imeshasuguliwa kwa majivu. Ushahidi umekwenda na maji.

Mabaki yakipatikana, pamoja na sampuli anazochukua daktari mwilini, hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake ya kanda iko Mbeya. Hapo ndipo penye mvutano. Wafiwa wanataka mpishi akamatwe leo leo, na uchungu wao ni wa haki. Wanahofu atatoroka: ziwani kuna mitumbwi, na ng'ambo ni Kongo. Kwa upande wa pili, mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara bila mkono wa muuaji. Tena kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kosa la mauaji, kinadai nia ovu, si kifo peke yake.

Je, mpishi akae mahabusu hadi lini, majibu ya maabara yakisubiriwa?