KUSOMA KWA MAZINGATIO

Khutba ya Ijumaa iliyotayarishwa kwa matangazo, Chamazi, Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu, akamtukuza kwa akili na akamneemesha kwa elimu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu: tunawausia nyinyi, nasi tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na miongoni mwa ucha Mungu ni kuitunza neema ya akili na kuitumia kama alivyotaka Mwenye kuitoa.

Hakuna kati yetu asiyejua kwamba wahyi wa kwanza kumshukia Mtume wetu katika pango la Hira ulikuja na amri ya kusoma. Lakini wengi wetu tumeichukua amri hiyo kana kwamba ni amri ya kupitisha macho juu ya maandishi. Sivyo. Katika Sura ya Al-Jumua, iliyobeba jina la siku yetu hii tukufu, Mwenyezi Mungu amewafananisha waliobebeshwa Kitabu kisha wasikitekeleze na punda aliyepakiwa vitabu mgongoni. Punda yule anaujua uzito wa mzigo, wala hajui kilichomo. Mfano huo walipigiwa watu waliotutangulia, lakini umebaki katika Kitabu chetu ili nasi tujitazame.

Basi na tujitazame hapa hapa Chamazi. Alfajiri tunawaona vijana wetu wakiwahi daladala za Mbagala Rangi Tatu, mikoba imejaa madaftari. Usiku tunawaona wameinamia ukurasa mmoja, wakiusoma mara tano, mara sita, mpaka usingizi unawachukua kitabu kikiwa kifuani. Ikifika siku ya mtihani, yote yametoweka. Hapo mzazi husema: "Mwanangu huyu hana kichwa." Na mtoto huisikia kauli hiyo, huiamini, na mwishowe huliacha daftari na kukaa kijiweni.

Ndugu Waislamu, kauli hiyo ni nzito. Ni kuitukana neema ya Mwenyezi Mungu kabla ya kuijaribu. Mara nyingi kilichokosekana si akili, bali ni adabu ya kusoma. Na adabu hiyo hufunzwa, kama ufundi mwingine wowote unavyofunzwa. Leo tutazitaja adabu tano.

Ya kwanza ni kusoma kwa swali. Anayekwenda sokoni bila kujua anachokitaka hurudi na kapu tupu. Msomaji naye, kabla ya kuanza sura ya kitabu, apitie vichwa vyake vya habari, kisha ajiulize: hapa ninatafuta nini? Mwalimu mmoja wa Marekani, Francis Robinson, aliipanga njia hii mwaka 1946 kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu: pitia kwanza, jiulize, soma, jisemee mwenyewe, kisha rejea. Mwenye swali husoma akiwa macho, kwa sababu yumo katika kutafuta.

Ya pili ni kusoma kwa kituo. Katika Sura ya Taha, Mtume mwenyewe alikatazwa kuifanyia haraka Qurani, akaamrishwa aombe kuzidishiwa elimu. Imepokewa kwamba masahaba walikuwa wakijifunza aya kumi, wala hawazivuki mpaka wazifahamu na kuzitenda. Na imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba Abdallah bin Umar aliishughulikia Sura ya Al-Baqara kwa miaka 8. Je, yeye alikuwa hana kichwa? Hasha! Alikuwa akijenga, na ajengaye kwa mawe haendi mbio. Kwa hiyo, mwanafunzi akimaliza fungu moja asimame, aandike maana yake kwa maneno yake mwenyewe, mistari miwili au mitatu. Kunakili neno kwa neno au kupigia mstari kila sentensi ni kazi ya mkono tu. Akili inaweza kuwa imelala.

Ya tatu ni kukifunga kitabu na kusema. Wazee wetu wa pwani waliijua njia hii zamani. Chuoni mtoto aliandikiwa somo lake kwenye ubao, akalisoma, kisha akasimama mbele ya mwalimu kulitoa kwa moyo. Akishalihifadhi ndipo ubao uoshwe na aandikiwe jingine. Hakupimwa kwa mara alizolitazama somo, alipimwa kwa alichoweza kukitoa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili. Wanafunzi waliosoma na kusoma tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5. Lakini baada ya wiki moja, waliojitahini bila kitabu ndio waliokumbuka zaidi. Hapa ndipo vijana wetu wanapodanganyika. Ukurasa uliosomwa mara sita huzoeleka machoni, na mtu hudhani kwamba umeingia moyoni.

Ya nne ni kurejea kwa nyakati. Mtume wetu ametufunza kwamba Qurani huponyoka upesi kuliko ngamia anayefungua kamba zake, na akatuhimiza tuishike kwa kuirejea. Yeye mwenyewe alikuwa akidurusu na Jibrili kila Ramadhani, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake walidurusu mara mbili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuandika matokeo yake mwaka 1885, aliona kwamba baada ya siku moja tu alikuwa amekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya alichokihifadhi, na kwamba kurejea kwa kupisha siku kulihitaji juhudi ndogo kuliko kukazania mara moja. Naye Imamu Az-Zarnuji, katika kitabu chake cha adabu za mwanafunzi, yapata miaka 800 iliyopita, aliwausia wanafunzi walirudie somo la jana mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, kisha mara mbili, kisha mara moja. Huo ni mpango ambao mtoto yeyote wa Chamazi aweza kuufuata bila ya kutumia hata senti moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya tano ni kufundishana. Mateka wa Badri waliojua kuandika walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kuwafunza watoto wa Madina. Anayemfunza mwenziwe hulazimika kuipanga elimu yake, na pale anapokwama ndipo anapogundua asichokijua.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kusoma hukamilika kwa kutenda. Wazee waliomo humu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozizunguka nyumba zao. Wengi walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Lakini somo halikuwatoka, kwa sababu lilipita masikioni, likapita ndimini, likaishia mikononi.

Basi tunawausia wazazi: jioni, baada ya Magharibi, mwambie mwanao akifunge kitabu akueleze alichokisoma leo. Hata wewe mama usiyejua somo la fizikia, waweza kusikiliza, waweza kuuliza "kwa nini?" Na neno "huna kichwa" tulitoe katika nyumba zetu.

Tunawausia walimu wa madrasa: mtoto anayehifadhi Juzuu Amma apewe pamoja nayo maana yake kwa Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alitukamilishia tafsiri ya Qurani nzima, ikachapishwa mwaka 1969. Isibaki kabatini kama pambo.

Na tunajiusia sisi watu wazima. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Vipi basi Mwislamu atie saini mkataba wa mkopo au wa kiwanja asioufahamu? Asome kwa kituo, aulize, aeleze kwa maneno yake alichokifahamu, ndipo atie saini.

Ewe Mola wetu, tunakuomba elimu yenye manufaa, na tunajikinga kwako na elimu isiyonufaisha. Wafungulie watoto wetu vifua vyao, wathibitishie waliyojifunza, na uwabariki walimu wao. Warehemu wazee wetu waliotufunza herufi ya kwanza. Amin.

Simamisheni Sala.