Rangi Haikimbii

Leo tuko na neno moja la Kiingereza: run, litamkwalo "ran". Mwalimu alitufundisha kwamba ni kukimbia, tukaandika, tukafunga daftari.

Sasa mama amerudi sokoni Kalima na kitenge. Pembeni kuna maandishi ya Kiingereza yenye neno hilo. Kijana wa sekondari anamsomea: "Mama, wanasema rangi haitakimbia." Ikimbie iende wapi? Maana yake haichuji. Ukiloweka, maji yanabaki meupe.

Neno hilohilo, Mwingereza analitumia kwa mto Elila unaotiririka, motere inayonguruma, pua inayotoa kamasi, mtu anayeendesha duka na anayegombea ubunge. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi ya Oxford, alitumia miezi kama 9 kulichambua akahesabu maana 645. Miezi 9! Mimba nzima.

Msishangae sana, lakini. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, na hakuna aliyeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili hapo hutoka jasho.

Tangu 2022 nchi yetu ya Kongo (DRC) imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na karatasi nyingi za mizigo na forodha huko zimeandikwa Kiingereza. Ukiliona humo neno run, usianze na kamusi. Tazama jirani yake kwanza: ni mto, duka, au pua? Halafu ndipo utafsiri.