Darasa la Mtandaoni na Mwanafunzi Aliyenyamaza



Machi 2020 korona ilifunga vyuo vya Kenya, na mihadhara mingi ikahamia kwenye intaneti. Mwaka 2023 nchi ikazindua Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha mtandaoni. Je, hili linakuhusu vipi wewe unayelipa karo?

Tuanze na faida. Mama anayelea mtoto Garissa anaweza kusoma shahada bila kupanga chumba Nairobi. Tena, mwanafunzi akitazama somo mapema, kipindi chenyewe hubaki cha mjadala. Kwa mfano, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alianza mwaka 1991 kuwauliza wanafunzi swali, kila mmoja ajibu, kisha ajadiliane na jirani yake. Hapo hakuna wa kujificha.

Sasa tugeukie upande wa pili. Bando huisha katikati ya somo. Kamera zimezimwa, mhadhiri anauliza, hakuna anayejibu. Wengine wameingia ili majina yao yaonekane tu, na anayebaki nyuma hagunduliwi hadi mtihani.

La msingi ni hili: mwanafunzi hushiriki anapojua kuna mtu anayemsubiri. Video fupi, maswali ya mara kwa mara na makundi madogo husaidia, lakini vyote vinadai muda wa mhadhiri, na madarasa yetu yamefurika.

Basi tujiulize: nani atagharamia muda huo, serikali, chuo, au mzazi?