Fimbo Iliyozaa Ukingo



Jioni hii nazungumzia neno moja tu la Kiingereza, "verge". Siku hizi Waingereza hulitumia kwa ukanda wa majani kando ya barabara, au kwa mtu aliyebakiza kidogo tu aangue kilio. Ukilifuatilia asili yake, ukingo huuoni. Unakuta fimbo. Kilatini "virga" ni ufito; Kifaransa cha kale kikaufanya "verge", na ufito huo ukawa fimbo ya madaraka mkononi mwa mtumishi wa mfalme.

Mwenye fimbo ana eneo lake. Katika Uingereza ya zama za kati, maofisa wa kasri walikuwa na mamlaka ya kisheria hadi maili 12, karibu kilomita 19, kuzunguka mahali alipo mfalme. Aliyekuwa humo alihesabiwa yuko "ndani ya fimbo". Polepole neno likahama: kutoka fimbo hadi eneo, kutoka eneo hadi mwisho wa eneo. Na eneo lenyewe halikuwa na jiwe la mpaka. Mfalme akisafiri, nalo linasafiri naye. Kijiji kiliweza kulala chini ya sheria za kaunti kikaamka chini ya maofisa wa kasri, na hakuna mwanakijiji aliyetoka kwake.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika kifo cha Christopher Marlowe, mwandishi wa tamthilia. Tarehe 30 Mei 1593, akiwa na umri wa miaka 29, alikuwa Deptford nyumbani kwa Eleanor Bull pamoja na wanaume watatu. Hati ya uchunguzi inaeleza kwamba ugomvi ulizuka juu ya malipo ya chakula, na mmoja wao, Ingram Frizer, akamchoma kisu juu ya jicho la kulia. Tarehe 1 Juni wazee 16 wa baraza waliketi kuuchunguza mwili. Aliyewaongoza ni William Danby, mchunguzi wa vifo wa kasri ya Malkia Elizabeth, kwa kuwa Deptford ilihesabiwa kuwa ndani ya zile maili 12. Wakaamua kwamba Frizer alijitetea. Kabla ya Juni kwisha, Malkia alikwisha kumsamehe.

Hati hiyo ilikaa katika hifadhi ya nyaraka hadi Leslie Hotson alipoichapisha mwaka 1925, na tangu hapo wengi wamewakazia macho wenzake Frizer, hasa Robert Poley, aliyekuwa mpelelezi wa serikali. Wana haki. Lakini mimi naanzia kwenye mpaka. Sheria ya mwaka 1300 ilitaka mchunguzi wa kaunti aketi pamoja na yule wa kasri katika vifo vya namna hii, nayo hati inamtaja Danby peke yake. Mstari usioonekana ardhini ndio uliochagua nani aulize maswali juu ya maiti ile, na kwa niaba ya nani. Kwangu hiyo ndiyo maana nzito kuliko zote za neno hili, na inaniuma kwamba kamusi nyingi huipitia kwa nusu mstari.

Wala si habari ya kale tu. Uchunguzi wa kifo cha Bintimfalme Diana ulifunguliwa mwaka 2004 na mwenye cheo kilekile cha Danby, na cheo chenyewe kikafutwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2009.