Mkaguzi Apitie Dodoma

Msikilizaji, katika tamthilia moja ya Gogol, Mrusi wa karne ya 19, viongozi wa mji mdogo wanasikia kwamba mkaguzi kutoka makao makuu yuko njiani. Wanakurupuka. Kijana mpita njia, asiye na hata senti ya kulipia gesti, anadhaniwa ndiye. Wanamnyenyekea, wanampa fedha, naye anapokea zote. Kwa Kiswahili inaitwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Nani asingecheka, hasa katika jiji kama Dodoma, lililojaa watumishi wa umma?

Ili kuiigiza hapa, vikundi vidogo vya maigizo havina haja ya kusubiri ukumbi wa mamilioni. Julius Nyerere, ambaye chini ya uongozi wake mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya serikali yahamie hapa, alikwisha kutufasiria Mabepari wa Venisi ya Shakespeare mwaka 1969. Kazi zipo. Tatizo tunazisomea mtihani tu, na hapo ndipo tunapoziua.

Wasanii nao wapo. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha sanaa za maonyesho, na Wagogo wa Chamwino, kwa zeze, marimba na ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama, hawahitaji somo la kuteka hadhira. (Bungeni nako vituko havikosekani, ila kiingilio chake tunakilipa kwa kodi.) Watu sita, kanga mbili za pazia na kona ya Nyerere Square jioni, upepo ukitulia, vinatosha kuanzia.