Maji Yapo, Nani Atalipia Pampu?

Haya ni maandishi ya mazungumzo kwa wakulima wa mpunga na wakazi wa uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu.



Mtu anayefika Ahero kwa mara ya kwanza huona maji kila upande: Mto Nyando, mitaro, madimbwi, na ziwa nalo si mbali. Ni rahisi kudhani kwamba hapa mpunga hauwezi kukosa maji. Historia ya uwanda huu yasema vingine. Karibu mwaka wa 2000 majaruba ya Ahero na West Kano yalikauka, ilhali mto ulikuwa ukitiririka na ziwa lilikuwa palepale. Kilichokosekana ni stima ya kuyapandisha maji hadi mashambani.

Mradi wa Ahero ulianza mwaka wa 1969 na wa West Kano mwaka wa 1976. Yote miwili hutegemea pampu. Ahero huvuta maji kutoka Mto Nyando. West Kano huvuta kutoka ziwani, na kwa kuwa mashamba yako chini kandokando ya ziwa, maji yaliyokwisha kutumika lazima yapigwe pampu tena ndipo yatoke. Mkulima wa West Kano hulipia maji yakiingia na hulipia yakitoka. Kule Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, maji ya mito Thiba na Nyamindi hushuka yenyewe mferejini. Mchele wa Mwea na wa Ahero hukutana katika soko moja, lakini ni mmoja tu uliobeba bili kubwa ya stima mgongoni.

Zamani bili hiyo haikuonekana. Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ilimpa mkulima ekari nne kwa leseni, ikalima kwa trekta, ikaleta mbegu na mbolea, ikafungua maji, kisha ikanunua mavuno na kukata gharama zake. Mkulima alipokea kilichobaki. Alilalamika, na mara nyingi alikuwa na haki, kwa sababu hakuulizwa lolote. Lakini mfumo ule ulikuwa na mahali pamoja ambapo pesa za maji zilipatikana: kwenye mizani, siku ya kuuza.

Soko la mchele lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mizani ile ilipoteza nguvu. Mchele kutoka nje uliingia kwa bei ya chini, na wakulima wakauza kwa yeyote mwenye pesa. Gharama hazikurudi, madeni yakapanda, pampu zikanyamaza. Familia zilizozoea mavuno zikabaki na ardhi kavu hadi miradi ilipofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ikitia pesa na wakulima wakijipanga katika vikundi vya kusimamia maji wenyewe.

Funzo lake ni moja. Mradi wa pampu haufi kwa kukosa maji. Hufa pale ambapo hakuna anayejua ni nani wa kulipia msimu ujao.

Swali hilo limerudi, kwa sababu maisha ya Kano yamebadilika kwa namna tatu.

Kwanza ni soko. Leo wafanyabiashara kutoka Uganda hufika hadi kando ya shamba na kununua mpunga kabla haujakobolewa, pesa mkononi. Kwa mkulima mwenye karo ya shule ya kulipa, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini gunia likishapanda lori, ada ya maji haiwezi kukatwa tena popote. Kikundi kinachongoja mavuno ndipo kidai ada kinajidanganya. Ada hukusanywa kabla ya maji kufunguliwa, au sehemu kabla na sehemu kwa tarehe iliyokubaliwa.

Pili ni watu. Leseni nyingi ziliandikwa kwa majina ya wazee ambao hawapo tena. Ekari nne zimegawanywa kwa watoto na wajukuu, au zimekodishwa. Mwenye jina huenda yuko Nairobi, na anayelima amekodi kwa msimu mmoja tu. Kila mmoja humsukumia mwenzake ada ya maji na zamu ya kuzibua mtaro. Katikati yao wamo akina mama. Wao ndio hupanda miche na kung'oa magugu, lakini majina yao hayamo kwenye rejista, na siku ya mkutano hawana kura. Anayefanya kazi asipohesabiwa, haitashangaza akikataa kulipa.

Tatu ni hali ya nchi. Mafuriko ya Nyando hushuka na udongo wa milimani na kuujaza mitaroni. Gugumaji huziba midomo ya pampu ziwani. Viboko huingia mashambani usiku, na mwanzoni mwa 2023 kwelea walivamia mpunga wetu kwa makundi makubwa. Gharama ya msimu sasa ni zaidi ya stima. Akiba ya kikundi lazima ihesabu pia tope, magugu na ndege.

Wengi wanatazama Bwawa la Koru-Soin, linalojengwa kwenye Mto Nyando mpakani mwa Kisumu na Kericho. Bwawa limekusudiwa kupunguza mafuriko, kuleta maji ya matumizi na kusaidia umwagiliaji. Wengine wanatazama pampu za nguvu za jua, ambazo zingepunguza bili ya kila mwezi ingawa kuzinunua ni ghali. Yote mawili ni matumaini halali. Hata hivyo, bwawa halitafukua mtaro wa shambani, na mtambo wa jua ukiharibika lazima fundi alipwe. Kikundi kisichoweza kukusanya ada leo hakitaweza siku hiyo.

Kwa hivyo kuna kazi tatu ambazo hazihitaji kungoja. Ya kwanza, kila kikundi kisafishe rejista yake, kiandike anayelima shamba kwa kweli, mwanamke au mwanamume, mwenyeji au mpangaji, na kiseme wazi nani hulipa nini. Ya pili, hesabu ya stima, mapato na madeni ibandikwe mahali pa wazi kila msimu, kwa maana mtu hulipa kwa moyo anapoona pesa zimekwenda wapi. Ya tatu inahusu kaunti. Sheria ya Umwagiliaji ya 2019 inavitambua vyama vya watumiaji maji, na inatoa nafasi kwa kaunti katika umwagiliaji, pamoja na Mamlaka ya Taifa. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wakazi huitwa kutoa maoni. Chama kinachofika na rejista safi na hesabu mkononi huweza kuonyesha mtaro upi unahitaji kufukuliwa na kwa kiasi gani. Kinachofika na malalamiko matupu husikilizwa, kisha mkutano huendelea na ajenda nyingine.

Mto bado unapita Ahero. Kabla ya vitalu vya msimu ujao kumwagwa mbegu, kila kikundi kikae na kukubaliana kuhusu bili.