Mtoto wa Kuasili Mwenye Ugonjwa wa Moyo: Ni Haki, Si Hisani





Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo twaikariri katika harusi na ubatizo, lakini ni mara chache twaulizana kama twaisadiki pale malezi yanapodai shamba, ng'ombe na akiba ya miaka mingi. Swali hilo nataka tulitafakari leo kwa kuitazama familia moja iliyoniruhusu nisimulie habari zake pasipo kuwataja majina.

Bwana huyo na mkewe walikaa katika ndoa miaka kumi na mmoja bila kujaliwa mtoto. Kwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii walikabidhiwa mtoto mchanga wa kike, aliyekuwa ameachwa. Alipotimiza miaka mitatu, mama alitambua kwamba mtoto akikimbia kidogo tu huchuchumaa, na midomo yake hugeuka rangi ya samawati. Majirani walisema ni mvivu. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Kumbe mtoto alikuwa akijisaidia mwenyewe, maana kuchuchumaa huwezesha damu zaidi kwenda mapafuni kuchukua hewa.

Madaktari waligundua kasoro nne za moyo zinazokwenda pamoja, ziitwazo tetralojia ya Fallot. Miongoni mwake, kuna tundu baina ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya kupeleka damu mapafuni imebanwa. Ndugu zangu, kasoro za moyo za kuzaliwa nazo humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila 100 wanaozaliwa duniani. Si laana, wala si adhabu ya dhambi ya mtu yeyote.

Kwa miaka mingi watoto wa namna hiyo walilazimika kupelekwa nje ya nchi, hasa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Tumshukuru Mungu. Lakini huduma kuwapo ni jambo moja, na maskini kuifikia ni jambo jingine: kuna nauli, malazi, vipimo na siku nyingi za kuacha kazi.

Baba alipotangaza kwamba atauza kiwanja, ukoo uliitisha kikao, nami nikaalikwa. Kaka yake mkubwa alisema wazi: "Mali ya baba yetu haiwezi kumalizikia kwa mtoto ambaye hatujui alikotoka." Nakiri mbele yenu kwamba siku ile sikusimama imara. Niliwaasa wasali, wasubiri, na wayapokee mapenzi ya Mungu. Yule baba akaniuliza kwa upole: "Padre, kama ningalimzaa mimi, kikao hiki kingaliitishwa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliita mapenzi ya Mungu jambo ambalo kwa hakika lilikuwa ubaguzi wa wanadamu.

Na tukumbuke sisi ni akina nani. Mtume Paulo atufundisha kwamba sote tumefanywa wana wa Mungu, tukawa na warithi pamoja na Kristo. Mtakatifu Yosefu hakumzaa Yesu, lakini alimwokoa mkononi mwa Herode, akaacha kazi na nyumba usiku. Anayesema mtoto wa kuasili si mtoto kamili anautikisa msingi wa ubatizo wake mwenyewe.

Sheria ya nchi nayo yasema hivyo hivyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumbagua mtoto. Mahakama Kuu ikishatoa amri ya kuasili, mtoto huyo ahesabiwa kuwa mtoto wa wazazi waliomwasili. Familia hii ilikuwa haijakamilisha shauri mahakamani. Ilipotakiwa sahihi ya mzazi kabla ya upasuaji, zikapotea wiki nyingi kwa kutafuta barua huku na huku, ilhali mtoto anazidi kudhoofika.

Upasuaji ulifanyika, na binti huyo sasa anasoma shule ya msingi. Hata hivyo, atahitaji kliniki ya moyo maisha yake yote, na meno yake hayana budi kutunzwa vema, kwa kuwa vijidudu vya jino bovu vyaweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo. Kiwanja kimekwenda. Yule kaka mkubwa hajakanyaga nyumba ile hadi leo.

Mwaka jana binti alimwuliza mama yake: "Mama aliyenizaa aliniacha kwa sababu moyo wangu ni mbovu?" Mama akamjibu: "Sijui kwa nini alikuacha. Sisi tulipoujua moyo wako, tulikuwa tumekwisha kuwa wazazi wako." Hakumdanganya mtoto, wala hakumtukana yule mama mwingine. Tujifunze kwake.

Kwa kumalizia, naziomba Jumuiya zetu mambo matatu. Kwanza, tuwasindikize wenye watoto wa kulea wakamilishe shauri la kuasili mapema, kabla shida haijabisha hodi. Pili, mtoto anayechoka upesi, asiyeongezeka uzito au mwenye midomo ya samawati apelekwe hospitali, si kwa mganga wa ramli. Tatu, mchango wa matibabu yake usiitwe sadaka kwa yatima. Uitwe mchango wa mtoto wetu, kama tufanyavyo kwa mtoto wa kila mmoja wetu.

Nami nimeanza kutubu kwa kwenda kumwona yule kaka mkubwa. Bado hajanikaribisha ndani. Nitakwenda tena.